Lami imefika mlangoni mwa shule: tuanzie wapi?

Swali: Shikamoo mhandisi. Naishi Isevya, hapa Tabora mjini. Mwaka jana barabara inayopita mbele ya shule ya wanangu iliwekwa lami. Tulipiga vigelegele, maana vumbi lilikuwa limetuchosha. Lakini tangu siku hiyo bodaboda na Noah zinapita kama zinafukuzwa. Mwezi uliopita mtoto wa jirani yangu, yuko darasa la 2, aligongwa na pikipiki akivuka kwenda shule, akavunjika mguu. Kamati ya shule inasema dawa ni kuwafundisha watoto kuvuka. Mwenyekiti wa mtaa anasema tumwage kifusi usiku tujiwekee tuta. Binti yangu ana miaka 9, anaomba aende shule na baiskeli ya baba yake. Nimruhusu? Na sisi wazazi tuombe nini, tumwombe nani?

Jibu: Marahaba, mama. Mfikishie jirani yako pole zangu, na mtoto apone vizuri.

Naanza na binti, kwa sababu hilo linataka jibu kesho asubuhi. Kwa sasa asipite na baiskeli kwenye barabara hiyo. Nalisema kwa uchungu, maana Tabora ni mji wa baiskeli. Mkaa unaingia mjini kwa baiskeli alfajiri, maziwa yanaletwa kwa baiskeli, mgonjwa wa kijijini anafikishwa zahanati akiwa amekaa kwenye keria. Kumkataza mtoto wa Tabora baiskeli ni kama kumkataza mtoto wa Ujiji ziwa.

Lakini itazame baiskeli yenyewe. Ya baba ni ile kubwa ya chuma. Mtoto wa miaka 9 akikaa kwenye kiti hafikii pedeli, kwa hiyo anapitisha mguu chini ya bomba la juu na kuendesha amepinda upande mmoja. Akitakiwa kusimama ghafla hana mguu wa kuweka chini, anaanguka, na mara nyingi anaangukia upande wa barabara. Breki zake ni zile za vyuma vinavyobana rimu, na rimu ikiloa mvua ya Desemba baiskeli inakwenda mita kadhaa ndipo breki zishike. Mkimpatia baiskeli ya kimo chake, ambayo akikaa kwenye kiti ncha za miguu yote miwili zinagusa ardhi, mwacheni aendeshe mitaa ya ndani yenye mchanga, na akifika kwenye lami ashuke aikokote mpaka ng'ambo. Asimpakie mdogo wake. Kuendesha peke yake katikati ya magari, mimi ningesubiri afikishe miaka 12 hivi, na hata hapo kwa sharti kwamba barabara iwe imerekebishwa.

Sasa nije kwenye barabara yenyewe.

Ile ya zamani, yenye mchanga na mashimo, ilikuwa inampangia dereva mwendo bila askari wala kibao. Aliyekimbia alivunja springi au pikipiki ilimtupa. Lami ilipomwagwa, kizuizi hicho kiliondoka siku moja na hakuna kilichowekwa badala yake. Watoto walibaki walewale, geti lilelile, mwembe uleule wanaoupumzikia. Kilichobadilika ni mwendo. Mimi nimekaa kwenye kazi hii zaidi ya miaka 30, na nimeona jambo hilo likijirudia mji baada ya mji: barabara inahesabiwa imekamilika lami inapokauka, wakati kazi ya kuwalinda wanaotembea ilikuwa bado haijaanza.

Naomba uvumilie hesabu kidogo, kwa sababu ndizo zitakazokusaidia ukiwa mbele ya wakubwa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linapita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, sekunde nzima hivi hupita kabla mguu wake haujabonyeza breki. Kwa hiyo ameshakwenda mita 14 bila kupunguza chochote, halafu kwenye lami kavu anahitaji mita nyingine kama 14 ndipo asimame. Jumla ni mita 28. Gari lilelile likiwa kwenye kilomita 30, linasimama ndani ya mita 13 hivi. Maana yake, mtoto akitokea mita 13 mbele ya gari, dereva wa 30 anasimama akiwa karibu naye na moyo unamwenda mbio. Dereva wa 50 hapohapo hata breki hajaigusa, anampiga mtoto kwa nguvu yote ya gari. Kwenye mchanga uliosambaa juu ya lami, na Tabora mchanga hauishi, kusimama kunachukua mbali zaidi.

Geuza sasa, uangalie kwa macho ya mtoto. Wa darasa la 2 anatembea kama mita 1 kwa sekunde. Barabara ya upana wa mita 7 inamchukua sekunde 7. Katika sekunde hizo gari la kilomita 50 linapita karibu mita 100. Kwa hiyo tunamtaka mtoto wa miaka 7, mwenye macho yaliyo kama mita 1 tu kutoka ardhini, atazame chombo kilicho umbali wa uwanja wa mpira, akadirie kinakuja kwa kasi gani, kisha aamue. Uwezo huo wa kupima kasi na umbali kwa pamoja hukomaa taratibu, na wengi hawaumudu vizuri kabla ya miaka 9 au 10. Huwezi kuuharakisha kwa kuimba darasani "tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia".

Ndiyo maana pendekezo la kamati ya shule nalipokea nusu. Wafundisheni, ndiyo, na wafundishwe palepale barabarani badala ya ubaoni: mahali gani pa kusimama, wapi gari halionekani, kwa nini usipite nyuma ya guta lililoegeshwa. Tunasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa mengi ni kweli, lakini barabara ni ulimwengu usiompa mtoto somo la pili. Mtoto atakosea tu. Atakimbilia embe. Na hilo naomba mlichukue kwa uzito, kwa kuwa Novemba na Desemba, maembe yanapoiva, nimeona watoto wakirusha mawe juu huku macho yote yakiwa kwenye tawi, embe likidondokea kwenye lami wanalifuata watatu kwa pamoja. Hakuna wimbo wa usalama unaoshinda embe bivu. Kwa hiyo barabara ndiyo itengenezwe ili kosa la mtoto lisimgharimu mguu wala uhai. Kila nitakachokuambia kuanzia hapa kimesimama juu ya hilo.

Na kifusi cha mwenyekiti? Tafadhali msimwage. Namwelewa, ana uchungu na watu wake. Lakini rundo la udongo lisilo na alama, gizani, linamuua mwendesha bodaboda na abiria wake. Mvua ya kwanza italigeuza tope na kusukuma maji kwenye nyumba ya mtu. Kibaya zaidi, rundo fupi katikati ya barabara halimpunguzi mwendo mwenye pikipiki. Analizunguka. Anapita pembeni, kwenye bega la barabara, na pembeni ndiko watoto wanakotembea. Utakuwa umeihamisha hatari kutoka katikati ukaipeleka kwenye miguu yao.

Tuta linalofaa lina umbo lake. Mgongo wake ni wa mviringo, mrefu, kama mita 3.7 kwa kufuata mwelekeo wa barabara, na juu yake ni sentimita 10 tu. Gari linalokwenda 30 linapita bila kumrusha mtu, linalokwenda 50 linajuta. Liende upana wote wa lami mpaka ukingoni, maji yaachiwe bomba au upenyo mwembamba wa kuingilia mtaroni, na pembeni zisimamishwe nguzo za zege za kumzuia mwenye pikipiki asizunguke. Mita kadhaa kabla yake viwepo vibao, rangi nyeupe, na zile rasta zinazotetemesha gari ili dereva ajue kuna kitu mbele. Mwenye baiskeli akipanda mgongo mrefu namna hiyo hasumbuki, ila vile vituta vifupi vyenye kona kali vinamwangusha.

Kwa mbele ya shule, hata hivyo, mimi nisingeomba tuta la kawaida. Ningeomba kivuko kilichoinuliwa: tuta ambalo juu yake ni bapa, lenye upana wa mita 3 au zaidi, na pundamilia imechorwa hapo juu. Mtoto anavuka akiwa ameinuka, anaonekana, na gari ndilo linalopanda kumfuata, likiwa limeshapungua. Pundamilia iliyochorwa kwenye lami tambarare, pasipo kitu cha kumpunguza dereva, naiogopa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva ampishe mtu aliye kwenye kivuko, na mtoto ameambiwa hivyo shuleni, kwa hiyo anaingia akiamini. Dereva anapita akiamini kinyume chake.

Lakini kivuko hicho kiwekwe wapi? Hapa ndipo tunapokosea mara nyingi, na mimi nilikosea nikiwa kijana kazini. Katika mji mmoja wa magharibi, ambao nitauacha bila jina, tulichora kivuko kizuri mbele kabisa ya geti la shule, kwa sababu kwenye karatasi ndipo palipoonekana pazuri. Nilirudi baada ya miezi michache nikakaa asubuhi nzima. Watoto wachache tu walikitumia. Wengi walikuwa wanatokea kwenye uchochoro ulioko mita kama 60 chini yake, wanavuka hapohapo, kisha wanafuata upande wa shule. Hakuna mtoto anayetembea mita 60 kwenda na nyingine kurudi kwa ajili ya rangi. Ajabu ni kwamba jibu lilikuwa limeandikwa ardhini muda wote. Pembeni ya lami palikuwa na mchanga, na kwenye mchanga palikuwa na nyayo, mamia, zote zikielekea sehemu moja.

Ninyi wa Tabora mna mchanga huo bure. Kabla hamjaandika barua yoyote, pita barabarani saa 2 asubuhi, watoto wakishaingia darasani na kabla biashara hazijachangamka, uone nyayo ndogo zinakatiza wapi. Hapo ndipo kivuko kinapotakiwa. Kama nyayo zinakatiza sehemu mbili, ombeni viwili.

Mengine yanayotakiwa nitayataja nikitangulia na yale ya gharama ndogo. La kwanza ni geti. Shule nyingi zina ubavu mmoja au nyuma inayopakana na mtaa wa mchanga usio na magari. Fungueni geti huko, la mbele liwe la magari ya wageni tu. Mifuko michache ya saruji na fundi wa kuchomelea vinatosha, na watoto zaidi ya nusu huenda hawatahitaji kuigusa lami kabisa. Nashangaa ni mara chache kiasi gani jambo hili linafikiriwa.

Pili ni macho. Kwa mita 10 kabla ya kivuko, pande zote mbili, pasiwe na kitu kinachomzidi mtoto urefu: viroba vya mkaa, meza za biashara, guta, kibanda cha kutumia pesa kwa simu. Kijiwe cha bodaboda kisogezwe mbali kidogo na geti. Msiwafukuze, kaeni nao. Wengi wana watoto kwenye shule hiyohiyo, na wakikubali wao kupunguza mwendo, hata mgeni anayepita anajikuta anawafuata. Na miembe msiikate! Tabora bila miembe yake si Tabora, na barabara yenye kivuli na miti pembeni humfanya dereva aione nyembamba, akapunguza. Karibu na kivuko punguzeni matawi ya chini tu, yale yanayomficha mtoto.

Tatu ni njia ya kutembea. Hapa ndipo pesa inapohitajika. Watoto hawavuki tu, wanatembea pia kando ya barabara mita mia kadhaa, na huko hakuna kivuko kitakachowasaidia. Njia ya waenda kwa miguu iwe na upana wa mita 2 hivi ili watoto watatu watembee sambamba, kwa kuwa watoto hawatembei kwa mstari hata uwaombe vipi. Kama kuna mtaro, njia hiyo ikae upande wa pili wa mtaro, mtaro uwe kati ya mtoto na gari, na ufunikwe vipande vya zege panapovukwa. Mtaro wa wazi wenye kina cha mita moja karibu na shule ni hatari ya pili. Mvua ikijaza, usiku au alfajiri, hauonekani.

Kwa wenye baiskeli, angalieni ukingo wa lami. Nenda uukague: je, lami inaisha kwa ngazi, chini kukawa na mchanga uliomomonyoka? Ngazi ya sentimita 8 tu inamfanya mtoto mwenye baiskeli ashindwe kutoka barabarani gari linapompigia honi, na akijaribu kurudi juu gurudumu linateleza sambamba na ukingo na kumwangusha mbele ya gari. Bega lijazwe changarawe na kushindiliwa mpaka lilingane na lami. Hiyo ni kazi ya kawaida ya matengenezo, msikubali kuambiwa ni mradi mkubwa. Njia ya baiskeli ya peke yake, yenye walau mita 1.5 kwa mwelekeo mmoja na kingo za kuitenga na magari, ndiyo ningependa kuiona Tabora, mji ulioistahili njia hiyo tangu zamani. Kwa barabara ya mtaani, mwendo ukishuka mpaka 30, baiskeli na gari vinaweza kupita pamoja. Kwa barabara kuu za kwenda Nzega, Urambo au Sikonge, zenye mabasi na malori ya tumbaku, haiwezekani kabisa na asithubutu mtu kukuambia rangi ya mstari inatosha.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa magharibi tunalijua miilini lakini hatulipangii. Nchi nzima ina saa moja, lakini jua halina habari na saa hiyo. Mwezi Julai jua linachomoza Dar es Salaam kama saa 12:35 asubuhi. Tabora linachomoza karibu saa 1 kamili, na Kigoma saa 1 na dakika 10 hivi. Mtoto wa Dar anayetoka nyumbani saa 12:15 anaona weupe wa alfajiri. Wa Isevya anayetoka dakika hiyohiyo, kwa ratiba ileile, anatembea gizani, na wa Mwanga au Gungu kule Kigoma gizani zaidi. Sare nyingi zina sketi au kaptula ya rangi nzito, na dereva mwenye taa moja mbovu anamwona mtoto akiwa ameshafika. Halafu jua likichomoza, barabara inayoelekea mashariki inampiga dereva machoni dakika 30 au 40, na ndio muda wenyewe wa watoto wa mwisho kuwahi kengele.

Kwa hiyo ombeni taa kwenye kivuko, hata ya sola moja tu. Wakati mnaingoja, ongeeni na mwalimu mkuu: Juni na Julai watoto wa madarasa ya chini waanze kufika nusu saa baadaye. Namba na usafi wa asubuhi vinaweza kusubiri. Na watembee kwa kundi. Wazazi wawili kwa zamu, mmoja mbele mmoja nyuma, wakipita nyumba hadi nyumba kuwakusanya, wa mbele akiwa na tochi na kitambaa cheupe. Mji huu ulikua kwa misafara iliyokuwa ikitoka pwani kwenda Ujiji. Msafara wa watoto 20 kutoka Isevya mpaka shuleni hautatushinda.

Utaambiwa haya ni mambo ya Ulaya, wenzetu wamezaliwa nayo. Si kweli, na ni vizuri ujue historia yao. Uholanzi, ambayo leo watoto wake wanakwenda shule kwa baiskeli bila wasiwasi, mwaka 1971 ilizika watu wapatao 3,300 waliokufa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Barabara zilikuwa zimepanuliwa kwa ajili ya magari mapya, kama inavyotokea kwetu sasa. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, ambaye binti yake alikufa kwa ajali, aliandika makala mwaka 1972 akidai mauaji ya watoto yakome, na wazazi wakaanzisha vuguvugu lililoitwa Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Walikaa barabarani na watoto wao, wakafunga mitaa, wakapeleka michoro yao serikalini. Mjini Delft wahandisi walikuwa wameshaanza kupinda mitaa, kupanda miti na kuondoa tofauti kati ya njia ya gari na ya mtu, ili gari liingie kama mgeni uani kwa watu. Mwaka 1976 mitaa ya aina hiyo ilitambuliwa kisheria. Walioanza ni wazazi waliokuwa na hasira kama zako.

Na mfano uko karibu zaidi. Dar es Salaam shirika la Amend lilichukua shule zilizokuwa na ajali nyingi, likawekea njia za miguu, matuta, vivuko, nguzo na mageti yaliyohamishwa, kisha likalinganisha na shule zisizoguswa. Majeruhi miongoni mwa watoto walipungua kwa asilimia 26. Mpango huo, unaoitwa SARSAI, ulishinda tuzo ya kwanza ya kimataifa ya WRI Ross ya miji mwaka 2019. Kazi ile haikuwa ya vitu vya ajabu. Zege, kokoto, rangi na vibao, vitu ambavyo fundi wa Tabora anavijua.

Mtakapopeleka ombi mtapata pingamizi mbili. Moja, kwamba tuta linachelewesha gari la wagonjwa. Kivuko kilichoinuliwa kinalichelewesha gari hilo sekunde chache, na kinapunguza idadi ya watoto wa kubebwa nalo. Ya pili, kwamba kibao cha 50 kinatosha, kwani ndio mwendo wa kisheria kwenye makazi. Hesabu ya mita 13 na mita 28 uliyonayo inajibu hilo. Ongezeni kwamba mwezi Februari 2020 mawaziri wa nchi nyingi walikutana Stockholm na kukubaliana kuwa mahali ambapo watu na magari vinachanganyika, mwendo usizidi 30.

Sasa, nani? Kwanza mjue barabara ni ya nani. Kama ni ya mtaani au ya kuunganisha kata, iko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017. Kama ni barabara kuu au ya mkoa, ni ya TANROADS. Ukipeleka barua kwa asiyehusika itakaa kwenye faili mpaka iote ukungu. Kwa jinsi ulivyoeleza, yenu inaonekana ni ya TARURA. Mwenyekiti wa mtaa, badala ya kifusi, aitishe mkutano, muhtasari uandikwe, uende kwenye kamati ya maendeleo ya kata ambako diwani yupo, kisha barua iende kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mkurugenzi wa manispaa na kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa. Mwaka wa fedha unaanza Julai na bajeti hutayarishwa miezi mingi kabla, kwa hiyo ombi lifike kabla ya Novemba. Likifika Mei watakuambia kwa haki kabisa kwamba fedha zimeshapangwa.

Na barua isiwe ya machozi tupu. Pima. Chukua kamba, pima mita 50 kando ya barabara karibu na shule, weka jiwe lenye chokaa kila mwisho. Kaa pembeni na simu yenye kipima muda. Chombo kikipita jiwe la kwanza bonyeza, kikipita la pili bonyeza tena. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 3.6 ni 50. Sekunde 3 ni 60. Andika vyombo 100 asubuhi, vingine 100 watoto wakitoka, kwa siku tatu. Mzazi mwingine ahesabu watoto wanaovuka na sehemu wanayovukia. Barua yenye karatasi hiyo nyuma yake haisomwi kama malalamiko, inasomwa kama kazi ambayo mhandisi alitakiwa aifanye na mmemfanyia, na ninawajua wahandisi, wengi wataona aibu kuirudisha.

Mkisubiri jibu, ombeni kibali cha maandishi cha kuweka vitu vya muda: matairi chakavu yaliyopakwa rangi nyeupe na kujazwa mchanga, yakipangwa pembeni ili kuibana barabara mbele ya geti na kuwatengea watoto njia. Wakikubali, pimeni tena mwendo baada ya wiki mbili, na hizo namba ziambatanishwe kwenye ombi.

Ukishapata hesabu za siku tatu na ukajua nyayo zinakatiza wapi, niandikie kabla barua haijaondoka. Niambie pia upana wa lami, mtaro uko upande gani na mwembe uko mita ngapi kutoka getini. Nitakuchorea mahali pa kuinua kivuko na pa kusimamisha nguzo, muambatanishe mchoro huo.